Nilivyoifuata dhahabu ya Kilwa hadi Lisbon

Mjomba wangu anavusha watu kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, kazi aliyorithi kwa babu. Watalii wakija na mwongozaji wao, mjomba bado atawapa maelezo yake, hawezi kujizuia. Na kila safari, ile ngome tunayoiita Gereza ikianza kuonekana ufukweni, lazima aseme: "Hapa ndipo Wareno walipochukua dhahabu yetu." Mtalii akiuliza dhahabu yenyewe iko wapi sasa, mjomba hunyoosha mkono baharini, upande wowote ule, na kusema, "Huko kwao."

Basi Oktoba iliyopita mimi nilifika huko kwao.

Sikutumwa kwa kazi hiyo. Mimi ni mhasibu, ofisi ilinipeleka Madrid kwa wiki moja kujifunza mfumo mpya wa hesabu, na mwisho wa mafunzo nilikuwa na siku mbili tatu kabla ya ndege ya kurudi Dar. Wenzangu walikwenda kununua viatu. Mimi nikaangalia ramani, nikaona Lisbon ni mwendo wa saa moja na kitu kwa ndege, na viza ile ile inaingia. Nauli ilikuwa ndogo kuliko pesa niliyotozwa kwa ajili ya begi, ila habari za begi tuziache, nitaanza kukasirika upya.

Sababu ya kuchagua Lisbon nilikuwa nayo tangu zamani. Sehemu ya dhahabu ya Kilwa haikupotea. Ipo, imewekwa kwenye kabati la kioo, na imeandikwa jina. Ni chombo cha kanisani, kile Wakatoliki wanachokiita monstransi, cha kuwekea Ekaristi ili waumini waione. Wareno wanakiita Custódia de Belém. Niliwahi kusoma habari zake miaka mingi iliyopita, nikamwambia mjomba. Hakuniamini. Alisema, "Mwizi gani anaandika jina la mwenye mali?" Tangu siku ile nina deni la picha.

Nilitua Jumapili mchana, simu ikarudi nyuma saa moja peke yake maana Ureno wako nyuma ya Hispania. Treni ya chini ya ardhi, mstari mwekundu hadi Alameda, nikabadili wa kijani hadi Martim Moniz. Chumba kilikuwa Mouraria, ghorofa ya nne, ngazi za mbao zinazolia kila ukikanyaga. Mouraria maana yake ni mtaa wa Wamori, yaani Waislamu. Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliuteka mji mwaka 1147, na Waislamu waliobaki wakasogezwa huku chini ya mlima, nje ya ukuta. Miaka mia nane na ushei baadaye nimekuta maduka ya Wabangladeshi yamepangana, nyama ya halali, mchele wa viroba, tangawizi, hata bamia. Suala la chakula likaisha kabla halijaanza.

Ila lazima niseme juu ya mawe. Njia zote za miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia kilichokatwa vidogo, vimepangwa kwa mkono hadi vinatoa maua na mawimbi. Pale uwanja wa Rossio ukisimama na kutazama chini unaona bahari inakwenda. Vizuri mno. Lakini vimesuguliwa na nyayo za watu hadi vinang'aa, na mji wenyewe ni vilima vitupu. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini. Mara mbili nilishika ukuta wa nyumba ya mtu kama mlevi, na mimi pombe siijui.

Jumapili hiyo hiyo nilipanda tramu namba 15 kwenda Belém, nikiwa nimesimama, nimebanwa kama ndani ya daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Hapo nilifanya kosa, nitalieleza baadaye. Nilijiambia: leo nikaone kanisa na kaburi, kesho nikaone dhahabu kwa nafasi.

Belém ndiko zilikokuwa zikitokea zile merikebu. Kuna monasteri ya Jerónimos, jengo la mawe meupe refu kiasi kwamba picha moja haitoshi. Ilianza kujengwa mwaka 1501 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza, na fedha za ujenzi zilitokana na ushuru wa asilimia tano juu ya biashara ya Afrika na ya Mashariki. Nilisimama pale nje nikipiga hesabu kichwani, ugonjwa wa kazi. Asilimia tano ya pilipili manga, mdalasini na dhahabu, ikaota jengo hili. Je, ile tisini na tano?

Ndani nguzo zimechongwa kamba za meli, mafundo kabisa, jiwe limesokotwa kama mtu alikuwa anafunga nanga. Na ukiingia tu, mkono wa kushoto, amelala Vasco da Gama. Kaburi lake ni sanduku la mawe, juu yake sanamu yake imelala chali, mikono imekutanishwa kifuani, ubavuni kumechongwa merikebu. Alifia Cochin, India, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1524. Mifupa ikaletwa Ureno mwaka 1539, na hapa ikahamishiwa mwaka 1880, wenyewe walipoamua kuwa shujaa wao anastahili mahali pakubwa zaidi. Ng'ambo yake amelala Camões, mshairi aliyemtungia utenzi.

Nilidhani nitapandwa na hasira. Nilikuwa nimejiandaa hasa, kama mtu anayekwenda kukutana na mdaiwa. Lakini mbele yangu kulikuwa na baba mmoja anambembeleza mtoto anayelia kwa sababu ya njaa, nyuma kuna mabibi wawili wanapigana picha, na yule bwana kalala kimya na ndevu zake za mawe. Kwa kimoyomoyo nikamwambia: mimi natoka Kilwa. Hakutikisika.

Kwetu alikuja mwaka 1502, safari yake ya pili. Ile ya kwanza, ya 1498, alipita kwa mbali, akaenda Mombasa wakagombana, akaenda Malindi wakapatana. Mara ya pili aliingia bandari ya Kilwa na merikebu nyingi na mizinga. Mji ulikuwa chini ya Amiri Ibrahim. Masharti yalikuwa mepesi kueleza: lipa kodi kwa mfalme wa Ureno kila mwaka, au mji uchomwe. Wakalipa mithkali 1,500 za dhahabu. Mithkali moja ni gramu nne na robo hivi, kwa hiyo piga mwenyewe: zaidi ya kilo sita. Akaondoka nayo, akaenda zake India, akarudi Lisbon 1503, na mfalme akatoa amri itengenezwe monstransi. Na kulipa hakukuisaidia Kilwa. Julai 1505 alikuja Francisco de Almeida na kundi kubwa zaidi, wakaupora mji, wakajenga ngome, wakamtawaza mtu wao. Kufika 1512 wakaiacha ngome na kuondoka.

Ngome hiyo ndiyo asili ya Gereza la mjomba, ingawa kuta zinazoonekana leo nyingi ni kazi ya Waarabu wa Omani waliokuja nyuma. Na neno lenyewe nililielewa barabarani Lisbon. Kanisa kwa Kireno ni *igreja*. Wanapolitamka unasikia kabisa linavyoteleza kuelekea gereza. Kila kona kibao: Igreja hii, Igreja ile. Nikawa nacheka peke yangu kwenye tramu, mji mzima umejaa magereza. Namna gani nyumba yao ya ibada ikawa kwetu nyumba ya kufungia watu, hilo nawaachia nyinyi.

Sasa kosa langu. Jumatatu asubuhi nikaoga, nikavaa vizuri, nikafunga ushungi mpya. Nikashuka Cais do Sodré, nikatembea kando ya reli na bandari, nikapanda zile ngazi ndefu hadi mtaa wa Janelas Verdes, kwenye Jumba la Taifa la Makumbusho ya Sanaa za Kale. Mlango umefungwa. Pembeni kuna mlinzi, nikamwonyesha saa. Akasema, "*Segunda-feira*," akifunga viganja pamoja kama kitabu. Imefungwa. Makumbusho mengi ya serikali kule hayafunguliwi Jumatatu, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelitafuta kwenye simu kabla ya kupanga ratiba. Nami nilikuwa nimeitumia Jumapili nzima kumtazama Bwana Gama.

Nikamuuliza kwa ishara, lini? Akasema, "*Amanhã. Terça.*" Kuhesabu hadi tatu kwa Kireno nilishajifunza kwenye ndege, nikasikia hiyo *terça* kama "ya tatu", nikashtuka. Ya tatu si ndiyo leo, Jumatatu? Tukabishana pale kila mtu kwa lugha yake, hadi akatoa simu akanionyesha kalenda. Kumbe na wao siku wanazihesabu kwa namba kama sisi, ila wao wanaanzia Jumapili, sisi Jumamosi. Jumatatu yetu ni ya pili yao. Terça ni Jumanne. Ndege yangu ilikuwa Jumanne saa tisa alasiri, na makumbusho yanafunguliwa saa nne asubuhi. Inawezekana, nikasema. Inshallah.

Nikabaki na siku nzima bila mpango, na ukweli ni kwamba hiyo ndiyo siku niliyouona mji.

Nikarudi kwa miguu nikipitia juu. Si mbali na hapo kuna mtaa mwembamba, mikahawa midogo, maduka ya nguo, vijana wanakunywa kahawa. Unaitwa Rua do Poço dos Negros. Nikauingiza kwenye programu ya kutafsiri: Mtaa wa Shimo la Weusi. Nilidhani simu imekosea. Haikukosea. Mwaka 1515 Mfalme Manuel, yule yule, aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa waliokuwa wakifa mjini, kwa sababu miili ilikuwa inaachwa hovyo na kunuka, na itupiwe chokaa humo. Jina la mtaa linahusishwa na shimo hilo. Nilitafuta mahali pa kukaa, nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Dada mmoja wa mkahawa akaja akiniuliza nahitaji nini, nikaomba maji. Akaleta kwenye glasi, akasema *copo*. Kopo. Nikayanywa.

Kutoka hapo nilipanda hadi magofu ya kanisa la Carmo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa, tetemeko liliupiga Lisbon, likafuatiwa na mawimbi kutoka mtoni na moto. Sehemu yote ya chini ya mji ilijengwa upya kwa amri ya waziri aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, ndiyo maana barabara za Baixa zimenyooka kama daftari la hesabu huku mitaa ya Alfama imejikunja kama matumbo. Carmo walijaribu kuijenga tena, wakaishia njiani. Imebaki matao yamesimama na juu ni mbingu. Wageni wengine walikuwa wananong'ona kwa heshima. Mimi nilijisikia nyumbani tu. Nimekulia kwenye magofu, tulikuwa tunacheza kibe kwenye Msikiti Mkuu wa Kisiwani kabla hawajaweka uangalizi, najua harufu ya chokaa ya zamani ikipigwa jua. Kitu pekee kilichokosekana pale ni mbuzi.

Jioni nikashukia uwanja wa São Domingos, nyuma ya Rossio. Hapo utawakuta watu wa Guinea-Bissau, wazee kwa vijana, wamesimama wakizungumza, akina mama wamekaa na kola na bidhaa nyingine mbele yao. Kanisa la hapo liliungua mwaka 1959, wakaliezeka tena ila nguzo wameziacha na makovu yake, mawe yamepasuka na kumeguka kama mkate. Nje kuna jiwe la kumbukumbu lenye nyota ya Daudi. Aprili 1506 yalianzia hapo mauaji ya Wayahudi waliokuwa wamebatizwa kwa nguvu. Kwa siku tatu watu waliwawinda mitaani na kuwachoma moto papa hapa uwanjani. Nikasoma mwaka tena. 1506. Mimi kazi yangu ni tarehe na tarakimu, nikaiweka hiyo akilini.

Pembezoni mwa uwanja mzee alikuwa anachoma kitu kwenye jiko la kigari, moshi mweupe umetanda barabara nzima. Ule moshi ulinisimamisha. Kidogo ukali, kidogo utamu, mtu wa Lindi au Mtwara hawezi kuupita. Nikasogea nikidhani ni korosho. Hazikuwa korosho. Ni mbegu nyingine, za kahawia, nene, zina tumbo, anazichanja kwa kisu upande mmoja, anazimwagia chumvi na kuzifukiza hadi ganda linapata unga mweupe kama majivu. *Castanhas*, akasema. Nikanunua dazeni moja kwenye karatasi. Zina ladha kati ya kiazi kitamu na fenesi bichi, sijui nieleze vipi. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya korosho. Akafurahi: "*Ah! Castanha de caju!*"

Caju. Kwetu bibi yangu hasemi korosho wala bibo, anasema kanju. Nikasimama na dazeni yangu mkononi nikiwaza kuwa Wareno ndio walioutoa mkorosho Brazili wakauleta pwani yetu. Wakati ule ule, Oktoba, huko nyumbani minada ya korosho imeanza, watu wanagombana juu ya bei ya kilo, kaka yangu ananitumia ujumbe wa sauti kulalamikia makato. Ada zangu za shule zote zililipwa na huo mti. Jambo hilo sikulipenda, lakini daftari la hesabu lina pande mbili, siwezi kujifanya sijaona.

Usiku nikaingia kimgahawa cha ngazi tatu chini, meza nne. Nikaagiza samaki wa kuchoma kwa kunyoosha kidole, nikauliza kama ile supu ya majani mabichi ina nguruwe, maana niliambiwa huwa wanaweka kipande cha soseji. Dada aliyekuwa anahudumu akanitazama ushungi, akatazama kanga niliyojifunika mabegani kwa baridi, akasoma maandishi kwa sauti. Kwa Kiswahili. Taratibu, kama anayesoma barua ya zamani.

"Dada, umetoka Mtwara?"

Nusura nimkumbatie. Ni mtu wa Mocímboa da Praia, kaskazini ya Msumbiji, lugha yake Kimwani, ambayo ukiisikiliza kwa makini unaambulia nusu nzima. Kiswahili alikipata kwa shangazi yake aliyeolewa Mtwara. Vita vilipoanza kwao mwaka 2017 familia ilikimbilia Pemba, ile ya Msumbiji, na yeye baadaye akaja huku. Hakutaka kuyasema marefu, nami sikumchokonoa. Akanipikia samaki mwenyewe, akaniletea wali badala ya viazi, akakaa na mimi dakika tano alizoibia kazini. Tulicheza mchezo: ananyooshea kitu, tunataja pamoja. *Mesa*, meza. *Bandeira* ukutani, bendera. *Lenço* kichwani kwangu, leso. *Cartas* za wazee wa kona ile, karata. *Padre*, padri. *Vinho*, mvinyo; hapo akasema, "Huo tutaje tu, tusiuguse."

Nikamweleza nilichofuata Lisbon. Akasema ameishi hapa miaka minne na hajawahi kukisikia. Akauliza, "Sasa ukikiona utafanya nini?"

Nikasema, "Nitapiga picha."

"Basi?"

"Basi."

Jumanne saa tatu na dakika arobaini nilikuwa kwenye zile ngazi na begi langu. Mlinzi alikuwa yule yule. Aliponiona akasema "*Terça!*" na kucheka kabla sijamfikia. Nikawa mtu wa pili kuingia.

Jumba hilo ni kubwa na lina mambo mengi, nami niliyapita mengi kama ninayekimbia mvua. Nilisimama mara moja tu bila kupanga, kwenye viwambo vya kukunja vya Kijapani vyenye rangi ya dhahabu, vilivyochorwa na Wajapani walipowaona Wareno wanafika kwao. Wareno wamechorwa na pua ndefu na suruali zilizovimba kama maputo. Na juu ya milingoti ya merikebu kuna watu weusi wanapanda kamba, wepesi, mmoja ananing'inia kwa mkono mmoja. Sijui ni nani, wala walitoka pwani gani. Nikawatazama kwa muda, nikaendelea.

Halafu nikakiona.

Ni kidogo. Hilo ndilo lililonijia kwanza. Miaka yote hii nilikuwa nimejenga kichwani kitu cha kimo cha mlango. Kimo chake ni sentimita 73, sawa na mtoto anayeanza kusimama dede. Kimesimama peke yake kwenye kioo chake na taa zake, chote cha dhahabu, kimechongwa minara na vidirisha kama kanisa la mchwa. Katikati, kuzunguka mahali pa kuwekea Ekaristi, mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja kimo cha kidole, kanzu zao zimetiwa rangi kwa vioo vilivyoyeyushwa: buluu, kijani, nyekundu. Nyuso zao hazifanani, mmoja ana uso wa mtu aliyechoka kusubiri. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe, na juu kabisa amekaa Mungu Baba. Kwenye shina kuna vitufe sita vya pete, alama ya Mfalme Manuel. Kwenye kitako kuna ndege, maua na konokono. Konokono! Fundi, ambaye wengi wanaamini ni Gil Vicente, alikuwa na dhahabu ya kodi mkononi na amri ya mfalme kichwani, akapata nafasi ya kuwaza konokono.

Ni kizuri. Nilitamani kiwe kibaya, lakini ni kizuri hasa.

Maandishi yamezunguka ukingo wa kitako, herufi nyeupe. Niliinama hadi begi likaniteleza begani. Yanasema kuwa mfalme mtukufu Dom Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kikamalizika 1506. Kilwa wameiandika kwa herufi za zamani: QILVA. Hiyo V ni U, *Qilua*, nikalitamka polepole na sauti ikatoka. Mama mmoja mlinzi wa chumba alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Nikajinyooshea kidole kifuani, kisha kwenye maandishi. "*Qilua*," nikamwambia. "Mimi. Nyumbani." Akainuka, akaja, akainama pale pale nilipokuwa nimeinama, akasoma. Sidhani kama alikuwa hajawahi kusoma. Lakini alisoma tena, akanitazama, akarudi kwenye kiti. Nilipotoa simu alionyesha tu nizime taa ya picha.

Nikapiga picha kumi na saba. Nilikaa hapo kama dakika hamsini. Nilifikiria Amiri Ibrahim akihesabu mithkali. Nikafikiria pia jambo ambalo mjomba hapendi kulisikia: Kilwa hakuna mgodi. Dhahabu ilichimbwa bara, upande wa Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na Kilwa ilitajirika kwa sababu ilishika Sofala na kukata ushuru wake. Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme lenye bwawa la pembe nane, halikujengwa kwa samaki. Aliyeichimba kwa jembe jina lake halipo kwenye kitako cha Belém, wala halipo Kisiwani. Saa sita kasoro nikatoka, nikala andazi la maziwa kwenye bustani ya makumbusho nikitazama meli za makontena mtoni, nikawahi uwanja wa ndege.

Mwisho wa Desemba nilikwenda Kilwa. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, uko wapi mzigo wangu?" Tukakaa kwenye mashua ikiwa imekaa mchangani, maji yamekupwa. Nikampa simu. Alivaa miwani. Akatazama picha ya kwanza kimya, ya pili kimya. Nikamweleza kuhusu Zimbabwe, akasema, "Ikipita mkononi mwetu ni yetu," bila kuinua macho. Alipofika kwenye ile ya maandishi akaikuza kwa vidole viwili, vidole vya kamba na chumvi ambavyo simu ilikuwa haivisikii, ikabidi nimsaidie.

"Kyu. Ai. Eli. Vii. Ei," akasoma. "Hii ndiyo Kilwa?"

"Ndiyo yenyewe, mjomba."

"Wamechukua kilo sita za dhahabu, na jina wamelikosea."

Akataka picha zote kumi na saba ziingie kwenye simu yake ili awaonyeshe wageni. Haikuwezekana, simu ilikuwa imejaa. Akafikiri, akafuta video mbili za Simba, akabakiza moja, ile waliyoshinda. Zikaingia nne.